Tangazo la Tatu

Tumainieli alirudi siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na hilo ndilo lililomwokoa. Angerudi siku nyingine yoyote, mama yangu angemwacha asimame uani mpaka aote mizizi. Lakini baragumu likishapulizwa na watu wakateremka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia, kutoa tope, kwetu Mhezi hakuna anayekatazwa kuingia kwenye mstari. Uwe na kesi ya mpaka, uwe umekosana na mchungaji, siku hiyo unapewa karai na unafanya kazi. Anayemfukuza mwenzake ndiye anayekosa zamu ya maji. Mama alikuwa na robo eka ya maharage iliyokuwa ikisubiri maji tangu Jumatatu, kwa hiyo alimwona, akafunga mdomo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na moja, baridi ya milimani inauma vidole. Bwawa letu lilikuwa limekaushwa. Wanaume walikuwa chini wanachota tope kwa sepetu, na sisi tumejipanga kwenye mteremko tukipokezana makarai hadi juu ya ukingo. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amekonda, amevaa miwani ambayo hakuondoka nayo, na alikuwa anakunja suruali yake nzuri ya kitambaa hadi magotini kama mtu aliyeondoka jana tu. Moyo wangu ulifanya jambo la kijinga ambalo sitalieleza.

Aliyekuwa kulia kwangu ni Jenifer, mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu. Alimtazama, akanitazama, akashika kiuno.

"Mgongo unaniuma," akasema. "Nakwenda kukaa. Nafasi hii achukue mwingine."

Jenifer hajawahi kuumwa hata kichwa.

Tumainieli akaja, akasimama pale. Kwanza alimsalimia mama, aliyekuwa watu watatu juu yangu. Mama aliitikia marahaba kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Kisha Tumainieli akanigeukia, akafungua mdomo aseme kitu alichokuwa amekiandaa njiani kutoka Same, nami nikamwekea karai la tope mikononi.

"Karai," nikamwambia. Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake baada ya miaka mitano.

*

Ili mnielewe, lazima niseme habari ya matangazo.

Tumainieli alikwenda Uswidi mwaka themanini na sita kusomea mambo ya maabara. Kabla ya hapo alikuwa mpima damu hospitalini Moshi, na sisi wawili tulikuwa tumeshakubaliana. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa ini, macho yakiwa ya njano, tumbo limejaa maji, miguu imebaki kama fimbo. Watu walisema amerogwa, na wengine walithubutu kumtaja mama yake Tumainieli kuwa ndiye mchawi. Siku ya mazishi aliniambia kwamba kitu kilichomuua baba yake ana hakika kina umbo, na kama kina umbo basi kinaweza kuonekana, na yeye atakiona. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina diploma yangu mpya ya ualimu, na sikuwa nimewahi kusikia mwanamume akisema maneno kama hayo mbele ya kaburi. Nilimpenda hapo hapo. Sikungoja arobaini.

Tuliandikiana. Ilikuwa miaka ile ya kuunga foleni ya sabuni, na barua yake moja ilikuwa inatembea wiki tano. Tukapanga harusi iwe baada ya Pasaka ya themanini na tisa, akimaliza. Posa ilipelekwa na wazee wake, ikapokelewa. Mwezi wa tatu usharika ukaanza kututangaza, maana kwetu Walutheri ndoa hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi alitoe. Jumapili ya kwanza tukatangazwa. Ya pili tukatangazwa. Alhamisi iliyofuata ikaja simu ya maandishi kutoka posta ya Same: NIMECHELEWA. NISUBIRI. BARUA INAKUJA.

Jumapili ya tatu nilikwenda kanisani. Mama aliniambia nibaki nyumbani, nikakataa. Nilikaa benchi la pili nimevaa gauni la bluu, na mwinjilisti Anaeli alipofika mahali pa matangazo akasoma habari za mnada wa mavuno na mazoezi ya kwaya, akafunga daftari. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Ningependa wangegeuka.

Barua ikaja. Ilisema kazi imeharibika, lazima aanze upya, atanieleza akija. Nikaandika kuuliza imeharibikaje. Akajibu: nitakueleza nikija, Dorkas, niamini. Nikajua ni mwanamke. Mtu mzima akikuficha sababu, sababu ina sketi. Sikumwandikia tena.

Halafu akaja Humphrey, mwenye duka la vitenge karibu na stendi ya Same. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mtu mwenye akili na mgongo mzuri alikuwa anaweza kuanza na marobota mawili ya mitumba akaishia na duka. Humphrey alikuwa mtu mwema. Haongei sana, hanywi, anamwita mama yangu "mama" kwa sauti ya chini. Posa yake ilikuwa imepokelewa mwezi wa sita. Jumapili inayokuja, siku tatu tu kutoka siku ile ya tope, ndipo tangazo letu la kwanza lingesomwa.

Hayo ndiyo Tumainieli aliyoyakuta. Nadhani alikuwa ameshayasikia Same, maana Same hakuna siri.

*

Kwenye mstari wa tope huwezi kugombana vizuri. Karai linakuja, unalipokea, unalipitisha, linakuja jingine. Maneno yanakatika vipande.

"Umepungua," akasema.

"Pokea."

"Nimekuja moja kwa moja. Sijafika hata nyumbani."

"Mama yako ni mjane mwenye mtoto mmoja, na hujafika kwake. Hongera."

Aliinamisha kichwa. Niliona mikono yake: laini, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama, ngozi imepauka kwa kuoshwa mno. Karai la nne lilikuwa limeshamchubua kiganja, na aliendelea kupokea. Niliangalia mikono ile kuliko nilivyopaswa.

Baba mdogo Fanueli, ambaye ndiye mpuliza baragumu na msimamizi wa zamu za maji, alikuwa anapita ukingoni na fimbo yake akihesabu watu. Akapaza sauti kutoka juu kwamba Mzungu wetu ameshasahau kushika karai, analibeba kama mtoto wa kubatizwa. Watu wakacheka. Tumainieli naye akacheka, na hilo likampa mama nafasi aliyokuwa anaitafuta. Sheria ilimkataza kumfukuza. Haikumkataza kumhoji.

"Tumainieli," akasema, sauti ya kutosha mstari mzima. "Tumesikia kazi yako huko ilikuwa kufuga maini ya watu kwenye chupa. Ni kweli au ni uongo?"

Makarai yakasimama.

"Ni kweli, mama. Karibu na kweli."

Mwanamke mmoja aliweka karai lake chini. Mama alinitazama kwa maana ya, umesikia mwenyewe.

Akaeleza. Sikuwa nimetegemea angeeleza vizuri, maana barua zake zilikuwa na maneno marefu. Alisema kulikuwa na mgonjwa, miaka mingi nyuma, katika nchi ya mbali, aliyekuwa na uvimbe kwenye ini. Madaktari walipoutoa, walichukua chembe chache za nyama ile, ndogo zisizoonekana kwa macho, zinaitwa seli, wakaziweka kwenye maji yenye chakula ndani ya chupa bapa, wakazipa joto la mwili. Zikaendelea kuishi. Zikagawanyika, zikaongezeka, zikapelekwa maabara za dunia nzima. Yeye kazi yake ilikuwa kuzilisha. Kila siku ya pili anamwaga maji ya zamani na kuweka mapya, Jumapili haipo, Krismasi haipo. Kisha anaziingizia kirusi cha homa ya ini na kuangalia kinavyozaana.

"Kinazaana na nani?" akauliza mzee mmoja kutoka chini kwenye tope.

"Hakizai chenyewe, baba. Hakina jiko, hakina sufuria. Kinaingia kwenye seli kama mgeni anayeingia jikoni kwa watu, kinampa mpishi maagizo yake, na mpishi anaanza kupika chakula cha mgeni, asubuhi mpaka asubuhi. Mgeni mmoja anakuwa elfu. Halafu wanatoka kwenda majiko mengine."

"Kama mashemeji," akasema Jenifer kutoka alikokaa na mgongo wake. Kicheko kikapita mstarini.

"Ndicho kilichomuua baba," Tumainieli akasema, na kicheko kikaisha. "Walihifadhi damu yake pale Moshi. Niliipima mwenyewe kabla sijaondoka. Hakuna aliyemroga. Nimeona kazi ya kitu hicho kwa macho yangu, na ningependa mama yangu aambiwe hivyo na wale waliomsema."

Wapo waliokuwa wamemsema, na wapo waliokuwa mstarini pale pale. Waliinama wakatafuta makarai. Mama yangu hakuwa mmoja wao. Mama husema mtu usoni au hasemi. Akauliza swali lake la pili.

"Na wewe unacho? Maana unataka kukaa karibu na binti yangu."

"Sina. Nilichanjwa na nikapimwa kila miezi sita. Cheti kiko kwenye begi."

"Cheti," akasema mama. "Sawa. Basi umeonyesha umbo la kitu kilichomuua baba yako. Sasa tuonyeshe umbo la kitu kilichokuzuia kuja kwenye harusi yako."

Hapo Tumainieli akanitazama. Ilikuwa kutazama kwa mtu anayetaka kukusogeza ukae pembeni gari lipite.

"Hilo siwezi kulisema, mama," akasema. "Nisamehe."

Mstari ukaguna. Mimi nikapokea karai, nikalipitisha, nikapokea jingine. Nilikuwa nimesikia nilichohitaji kusikia. Jumapili inakuja, nikajiambia, na Humphrey atakuwa amekaa benchi la kwanza, kwa sababu Humphrey hachelewi.

*

Saa saba baragumu likapulizwa kwa ajili ya chakula. Makande yalikuwa yamepikwa kwenye masufuria mawili makubwa, na pembeni kulikuwa na mtungi wa dengelua, pombe ya miwa, uliotoka nyumbani kwetu. Dengelua ya mama ilikuwa na jina. Maji ya miwa ni yale yale kwa kila mtu, lakini kinachoyachachusha ni tunda kavu la mwegea, na mwegea wa mama ulikuwa umening'inia juu ya jiko letu tangu enzi za bibi. Unatumika, unakaushwa, unatumika tena. Watu walikuwa wanaomba vipande.

Baba mdogo Fanueli alizungusha kibuyu mwenyewe. Alipofika kwa Tumainieli akamjazia mpaka juu, na hiyo ilikuwa namna yake ya kusema kwamba habari ya marehemu baba yake imemgusa.

"Ahsante, baba," Tumainieli akasema, akarudisha kibuyu bila kukigusa mdomo. "Sinywi."

"Umekuwa Msabato?"

"Hapana, baba. Nilikoma tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa themanini na tisa."

Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale, sahani ya makande mapajani. Mimi ni mwalimu. Kutwa nzima ninakaa na watoto arobaini wanaoficha vitu, na ninajua namna mtu anavyotaja mwaka ambao hakutaka kuutaja. Huyu alikuwa mtu aliyeandika barua nzima, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja wa themanini na nane, akilalamika kwamba Krismasi ya tatu inakuja bila dengelua, kwamba theluji inanuka bati, kwamba angetoa kidole apate harufu ya jiko la mama yangu. Na mimi nilikuwa nimefanya nini baada ya barua hiyo?

Nikaweka sahani chini. Nikasimama, nikaenda mpaka mbele yake. Watu walikuwa wanatuona wote, na sikujali.

"Ule mwegea ulifika?" nikamuuliza.

"Dorkas."

"Nilikata kipande, nikakifunga kwenye kitambaa cha mezani nilichodarizi mwenyewe, nikampa yule nesi wa misheni aliyekuwa anakwenda likizo. Nikakuandikia utie maji na sukari kwenye chupa chumbani kwako. Hukuwahi kunijibu kama ulifika."

"Ulifika."

"Na?"

Aliangalia miguu yake, tope limeanza kukauka juu ya vidole. "Acha, Dorkas. Limepita."

"Tumainieli, Jumapili ninatangazwa na mtu mwingine. Kama una neno, mwisho wake ni leo."

Akasema. Aliongea chini sana, na ilibidi nikae ili nimsikie.

Alisema alitengeneza dengelua yake kwenye chupa ya jamu, ikawa nzuri, akanywa usiku wa Krismasi peke yake dirishani. Kisha akakausha ule mwegea juu ya bomba la joto, kama mama anavyokausha juu ya jiko. Na asubuhi alipokwenda kulisha seli zake, akautia mfukoni mwa koti jeupe la kazini.

"Koti la maabara?" nikauliza.

"La maabara."

"Nani alikwambia uutie mfukoni?"

"Hakuna. Ulikuwa unanukia nyumbani."

Nilitazama vile viganja vyake vilivyochubuka.

"Nilikuwa naushika kabla ya kuvaa glovu," akasema. "Kila asubuhi. Wiki tatu. Kitu kinachochachusha miwa ni hamira, Dorkas, na hamira haijui miwa ni ipi na chupa za seli ni zipi. Yale maji yana sukari. Asubuhi moja nikakuta chupa mbili zimekuwa nyeupe kama togwa. Nikazitupa, nikafikiri ni mbili tu. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kupata seli zinazobeba kile kirusi na kukizalisha bila kufa. Nilikuwa na akiba yake kwenye baridi kali, nikasema nitaanzia hapo. Nikaendelea kukata tiketi. Nikaendelea kukuandikia tutangazwe. Mwezi wa tatu nikatoa ile akiba. Yote ilikuwa na hamira. Niliigandisha wiki zile zile, kwa mikono hii hii. Profesa akafungua chupa moja, akanusa, akasema inanuka mkate. Akanipa mambo mawili: kurudi nyumbani bila cheti, au kuanza moja."

"Ukaanza moja."

"Nikaanza moja. Baba yangu alikuwa anasemwa kwamba alirogwa. Nisingeweza kurudi mikono mitupu."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba zawadi yako imeua kazi yangu na harusi yetu? Ungejilaumu maisha yako yote. Nikaona bora unichukie mimi."

Nataka niseme kwamba nililainika. Sikulainika. Nilihisi hasira ya miaka miwili inapanda kutoka kwenye nyayo, na safari hii ilikuwa na mahali pa kwenda.

"Ulinihurumia," nikamwambia. "Sikukuomba huruma, nilikuomba sababu. Nilikaa benchi la pili na gauni la bluu nikasikiliza habari za mnada. Miaka miwili nimekuwa nikijiuliza huyo mwanamke ana nini ambacho mimi sina. Kujilaumu kwa ajili ya kipande cha mwegea ningejilaumu mwezi mmoja, nikacheka, nikakusubiri. Wewe ulinipa kitu cha kubeba kizito mara kumi ya hicho, halafu ukajiita mwema."

Macho yake yalijaa nyuma ya miwani, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na tope.

"Ni kweli," akasema. "Nilikosea mara mbili. Ya mfukoni na ya barua. Ya barua ndiyo kubwa."

Upepo uliteremka kutoka Chome, ukapita juu ya ndiva tupu. Nikagundua kwamba watu wote walikuwa wameacha kula na kwamba mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kiunoni, kijiko cha makande mkononi. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Kwa sura yake, tangu koti.

"Kipande ulikata kutoka kwenye mwegea wangu?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Hukujua."

"Nilijua. Ninajua urefu wake." Akamgeukia Tumainieli. "Na hizo chupa zenu, zilikuwa na dawa za kuzuia uchafu?"

"Zilikuwa nazo, mama. Hazikuweza."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikutegemea, na nilichukua muda kukitambua. Ilikuwa fahari.

"Mwegea wa nyumba hii," akasema, "haujawahi kushindwa kuchachusha kitu."

Baba mdogo Fanueli ndiye aliyeanza kucheka, kisha mstari mzima. Hata Tumainieli alicheka huku machozi yanaingia kinywani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri juu ya wiki tatu za asubuhi, mtu mzima katika nchi ya theluji akitia mkono mfukoni anuse jiko letu kabla ya kuanza kazi.

Mama aliacha kicheko kiishe. Kisha akasema, si kwa utani, kwamba posa ya Humphrey imeshapokelewa, kwamba yeye hawezi kuaibika mara ya pili mbele ya usharika ule ule, na kwamba mtu aliyeacha matangazo njiani mara moja anaweza kuyaacha tena. Alisema uamuzi ni wangu, lakini nisije nikalia jikoni kwake.

Nilimuuliza Tumainieli swali moja tu. Nilimuuliza kama anarudi huko kwenye chupa zake.

"Hapana," akasema. "Na hapa siwezi kuzifuga. Umeme ukikatika kwa saa sita, zinakufa zote. Lakini kupima damu naweza, hospitali ya Moshi imenikubali. Wanaojifungua, wanaoongezewa damu. Mtu ajue kabla macho hayajawa ya njano. Nitakuwa hapo. Nimechoka kuwa mbali na wewe, Dorkas."

Baragumu likapulizwa. Chakula kilikuwa kimeisha. Tukarudi kwenye mstari, na Jenifer hakuomba nafasi yake. Mpaka saa kumi tulipitisha tope bila neno, lakini kila nilipoweka karai mikononi mwake nililiweka taratibu, kwenye upande usiochubuka. Mama aliona. Mama huona vyote.

*

Ijumaa niliteremka Same peke yangu. Humphrey alikuwa anakunja vitenge juu ya kaunta. Nilimwambia yote kwa mpangilio, bila kuzunguka, maana mtu mwema anastahili maneno yaliyonyooka. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza, akalinganisha kingo za kitenge cha mwisho.

"Mwalimu," akasema, "tangu tujuane hujanikasirikia hata siku moja. Nilikuwa najiuliza kwa nini." Akakiweka kitenge juu ya vingine. "Mwambie mama nitakuja kumsalimia. Sitaki asikie aibu kwa ajili yangu."

Nililia njiani kurudi, kwenye lori, nyuma ya magunia. Si jikoni kwa mtu.

Jumamosi tulikwenda kwa mwinjilisti Anaeli. Tumainieli alikuwa amefika nusu saa kabla yangu, amekaa kwenye ngazi. Mwinjilisti alilifuta jina la Humphrey kwenye daftari kwa mstari mmoja mnyoofu, akarudi nyuma kurasa nyingi mpaka mwaka themanini na tisa, akatuonyesha: tangazo la kwanza, alama, tangazo la pili, alama, la tatu, wazi. Tumainieli akauliza kama haiwezekani kusoma hilo moja lililobaki. Mwinjilisti akasema haiwezekani. Ikishapita miaka miwili, mnaanza moja.

"Nimezoea," akasema Tumainieli, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikacheka mbele yake.

Jumapili ya kwanza alikuwepo. Ya pili alikuwepo. Mama hakusema kitu Jumapili zote mbili, alikaa upande wa wanawake na kitabu chake cha nyimbo kama jiwe.

Jumapili ya tatu niliamka nikakuta kitanda cha mama kitupu na moto haujawashwa. Niliogopa. Nilivaa gauni la bluu, nikaenda kanisani na Jenifer, na nilipoingia sikumwona mama mahali pake wala Tumainieli mahali pake. Kengele ya pili ikalia. Nikakaa benchi la pili.

Wakaingia pamoja. Mama alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, amevuka bonde, amegonga mlango wa mama yake Tumainieli saa kumi na mbili, amemsimamia mtu mzima wa miaka thelathini na moja akioga, akinywa chai, akifunga tai. Sasa alikuwa anamtembeza katikati ya kanisa amemshika kifundo cha mkono kama mwanafunzi mtoro. Nyuma yao alikuja mama yake Tumainieli amevaa kitenge kipya, na watu waliompisha njia walimpisha kwa heshima ambayo nilikuwa sijaiona miaka mingi. Mama akampeleka Tumainieli upande wa wanaume, benchi la kwanza, akakaa naye hapo hapo, katikati ya wazee, hakumwachia mkono.

Mwinjilisti Anaeli akasimama, akafungua daftari. Akaanza na mnada wa mavuno. Akaendelea na kwaya. Kisha akavuta pumzi, akasoma majina yetu, tangazo la tatu na la mwisho, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nzi mmoja alipita dirishani. Hakuna aliyekohoa.

Daftari likafungwa. Hapo ndipo mama akamwachia mkono, akasimama, akanyoosha khanga yake, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kwaya:

"Haya. Sasa unaweza kuchelewa."